Baisikeli, jasho na ahadi

Hotuba kwa vijana na wazee, katika mkutano wa Yubile ya parokia



Kamati ya Yubile imeniomba niseme maneno machache juu ya shauri ambalo vijana wetu walilileta mbele ya baraza la parokia. Ninyi nyote mnalijua. Vijana wanataka kupanda baisikeli kutoka hapa hata kituo cha mwisho cha misioni yetu, siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi, na kuwaomba watu watoe feza kwa kila kilometa, kusudi dispanseri yetu ipate dawa, na vitanda vya akina mama wanaojifungua. Wazee wengine walifurahi. Wengine walitikisa vichwa, wakauliza: «Mtu akiwa na feza ya kuwasaidia wagonjwa, kwa nini asiitoe tu? Mgonjwa atapata faida gani kwa sababu kijana fulani amechoka miguu?»

Swali hilo si la dharau. Ni swali la watu wazima ambao wameona michango mingi katika maisha yao, tena wameona michango mingine ambayo hesabu yake haikusomwa hata siku moja. Kwa hiyo haifai kuwajibu kwa makofi na nyimbo. Inafaa kuwajibu kwa maneno yenye uzito, na ndiyo kazi niliyopewa leo.

Tuanze kwetu. Baisikeli, ile tuitayo kinga, kwetu si mchezo. Kule Kisangani watu wengi wamelisha jamaa zao kwa toleka, ndiyo kinga ichukuayo abiria. Huko Goma iko chukudu, iliyochongwa kwa mti, nayo imesaidia mji ule hata ikajengewa sanamu yake barabarani. Na katika misitu ya Maniema na Kasai, wakati wa vita, treni ziliposimama na mashua kukosa kufika, wachuuzi walifunga juu ya kinga bido za mawese, mifuko ya chumvi na katoni za sabuni, wakazisukuma kwa miguu mamia ya kilometa. Hawakupanda, kwa kuwa mzigo haukuacha nafasi ya mtu. Mimi mwenyewe katika ujana wangu nilisukuma mawese hata sokoni, na mabega yangu hayajasahau.

Basi, tukisikia kwamba huko Ulaya na Marekani watu wenye motokari wanaziacha nyumbani, wanapanda baisikeli tangu asubuhi hata jioni, tena wanalipa kusudi wapate ruhusa ya kuchoka, tunaona ni kichekesho. Lakini tusicheke upesi. Tuangalie kwanza ginsi jambo hilo lilivyoanza na lilivyozaa matunda.

Katika inchi ya Marekani, jimbo la Massachusetts, alikuwako kijana mmoja jina lake Billy Starr. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa kansa mwaka wa 1974, naye hakuwa amefika umri wa miaka 50. Mwana alibaki na huzuni yake, na nguvu za miguu yake. Mwaka wa 1980 alikusanya waendeshaji 36, wakatoka mji wa Springfield, wakapanda baisikeli siku mbili, zaidi ya kilometa 300, hata Provincetown, mji ulio mwishoni kabisa mwa inchi kavu, penye bahari. Kila mmoja aliwaomba jamaa na rafiki zake watoe kitu. Walipohesabu walipata dola 10,200, wakazipeleka kwa hospitali ya Dana-Farber katika mji wa Boston, inayotibu kansa na kuchunguza asili yake.

Mwendo ule waliuita Pan-Mass Challenge, nao haukukoma. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa nane, wanatoka tena. Siku hizi waendeshaji ni zaidi ya 6,000. Mwaka wa 2024 peke yake walitoa dola milioni 75, na jumla yote tangu 1980 ikawa imepita miliari moja ya dola. Haikuwa kazi ya tajiri mmoja. Ilikuwa kazi ya watu wengi sana ambao kila mmoja alibisha mlangoni kwa jirani yake.

Sasa narudi kwa swali la wazee: kwa nini wasiitoe tu feza? Ninajibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hesabu yenyewe. Wale 36 kama wangalitoa mifukoni mwao tu, wangalipata kiasi kidogo. Mwendo uliwapa sababu ya kwenda kwa watu wengine. Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Tukiwa na vijana 20, na kila mmoja akienda katika nyumba 15, nyumba 300 zitasikia habari ya dispanseri. Kila nyumba ikitoa falanga 1,000 tu, zitakuwa falanga 300,000. Kijana mmoja hana feza hiyo, wala baba yake hana. Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo la pili ni ahadi. Kuomba ni kazi ngumu. Mtu akija mlangoni kwangu na mikono mitupu, akaniambia: «Nipe feza kwa ajili ya wagonjwa», moyo wangu unaanza kumpima: je, huyu hatazila? Lakini akiniambia: «Mimi nitaendesha kinga kilometa hizi zote, na wewe utanipa kadiri ya kilometa nitakazomaliza», hapo ameweka rehani. Ametoa jasho lake kwanza, mbele ya macho ya watu, na njia nzima ni shahidi. Hawezi kusema amefika kama hakufika. Na mimi niliyeahidi siwezi kujificha atakaporudi na vumbi miguuni. Ahadi inatufunga sisi wawili.

Wale wa Massachusetts wamelikaza jambo hilo zaidi. Anayejiandikisha anajua tangu mwanzo kiasi cha feza anachopaswa kukusanya, na kwa wale wa njia ndefu ni dola elfu kadhaa. Asipokifikisha, yeye mwenyewe anamalizia kwa mfuko wake. Kwa hiyo hakuna ajiandikishaye kwa mchezo. Sisi hatuwezi kuweka kiasi kama hicho, wala haifai, maana vijana wetu ni maskini. Lakini tunaweza kushika ile kanuni: aliyeandika jina lake kwenye karatasi amefungwa na neno lake.

Jambo la tatu ni kwamba mgonjwa anaonekana. Katika mwendo ule wa Massachusetts, vikundi vya waendeshaji hupewa urafiki na mtoto mgonjwa anayetibiwa katika hospitali ile. Wanalijua jina lake, wanaichukua picha yake, na watoto wengine husimama kando ya njia pamoja na wazazi wao kuwangojea marafiki zao wapite. Mtu anayepanda mlima huku akijua jina la mtoto hapandi kama mtu anayeshindana kwa kombe. Nasi tungefanya vivyo hivyo. Vijijini kote mtakakopita wako akina mama waliozalia njiani wakipelekwa kwenye dispanseri, na wako wagonjwa waliofichwa ndani ya nyumba kwa haya. Mkisimama, mkawasalimu na kuwasikiliza, dispanseri itakuwa imefika kwao kabla ya dawa. Feza iliyotupwa katika kisanduku, hata kama ni nyingi, haisimami kijijini kumsalimu mtu.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa wazee. Sasa nina neno kwa vijana, nalo ni gumu kidogo, maana linahusu feza.

Mwaka wa 1994, katika jimbo la California, watu 478 walipanda baisikeli kutoka San Francisco hata Los Angeles, muda wa siku saba, kwa ajili ya wagonjwa wa Sida. Kumbukeni ya kwamba mwaka ule zile dawa za kuchanganya, ambazo tangu 1996 zimeokoa uzima wa watu wengi, zilikuwa bado kupatikana. Vijana walikuwa wanakufa, na watu waliogopa hata kuwagusa. Mwendo ule ulikuwa tendo la ujasiri, ukawaleta watu wengi na feza nyingi. Lakini ulitengenezwa kwa namna kubwa: mahema, magari, chakula, matangazo. Baada ya miaka kadha maneno yakazuka: katika kila dola inayotolewa, ni sehemu gani inayomfikia mgonjwa, na ni sehemu gani inayoliwa na safari yenyewe? Watu hawakupatana. Mwaka wa 2002 mashirika mawili yaliyokuwa yakipokea feza yaliachana na kampuni iliyouendesha mwendo ule, yakaanzisha mwendo wao wenyewe, San Francisco hata Los Angeles, karibu kilometa 880. Nao uliendelea miaka mingi, ukasaidia wengi sana, hata ukafungwa mwezi wa sita mwaka wa 2025, kwa kuwa gharama zilikuwa zimepanda na waendeshaji wamepungua.

Sikuwaeleza hayo kusudi tuwahukumu watu wa California. Walifanya mema ambayo sisi hatujafanya. Nimeyaeleza kwa kuwa yanatuonyesha mahali penye utelezi. Mwendo una gharama, nasi tusijidanganye. Waendeshaji watakula. Mipira itapasuka. Labda mmoja ataumia na kuhitaji gari. Je, nani atalipa? Ikilipwa na feza iliyoombwa kwa jina la mgonjwa, basi mjane aliyetoa falanga zake 500 kwa ajili ya dawa atakuwa amenunua mikate ya waendeshaji, naye hakuambiwa.

Wale wa Massachusetts walikata shauri wazi: feza yote ambayo waendeshaji wameikusanya inakwenda hospitali nzima nzima, pasipo kupunguzwa. Gharama za safari zinalipwa na malipo ya kujiandikisha na misaada ya wafanya biashara. Mimi nawashauri vijana wetu wafuate njia hiyo. Muwe na visanduku viwili. Cha kwanza ni cha mgonjwa, na mfunguo wake usikae mkononi mwa mwendeshaji yeyote. Cha pili ni cha safari: wachuuzi wa sokoni watoe mchele na maharagwe, mashirika ya vijiji mtakakolala yatoe nyumba na maji ya kuoga, na ninyi wenyewe mtoe kitu kidogo. Tena, Dominika ya kwanza baada ya kurudi, hesabu isomwe mbele ya watu wote, hata falanga ya mwisho: kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki kwa wadeni. Dawa zikinunuliwa, karatasi ya manunuzi ibandikwe kwenye mlango wa dispanseri. Mkifanya hivyo, mwaka ujao hamtahitaji hotuba yangu.

Liko na swali lingine, nililolisikia kwa mama mmoja mcha Mungu. Alisema: «Injili inatufundisha kutoa kwa siri. Mbona hawa wanataka kutoa kwa kofia za rangi na kengele?» Ni neno la haki, nalo lanikumbusha habari ya mtu mmoja wa Italia ambaye Mapadri wetu wageni labda wanamjua.

Gino Bartali alikuwa bingwa mkubwa wa baisikeli. Alishinda Tour de France mwaka wa 1938, akaishinda tena mwaka wa 1948. Kati ya miaka hiyo ilikuwa vita. Kuanzia mwezi wa tisa mwaka wa 1943, majeshi ya Wajerumani yalishika sehemu kubwa ya Italia, nao Wayahudi walikuwa wakitafutwa ili wapelekwe kuuawa. Kardinali Elia Dalla Costa, Askofu mkuu wa Firenze, alisaidia kuwaficha katika nyumba za watawa. Kadiri ya ushuhuda uliokusanywa baadaye, Bartali alipanda baisikeli yake kutoka Firenze hata Assisi, njia ya kilometa zaidi ya 150, akiwa ameficha picha na karatasi ndani ya vyuma vya baisikeli, kusudi watu wale watengenezewe vitambulisho vya uwongo na kuokolewa. Askari waliomsimamisha waliona bingwa anayejizoeza, wakamwacha apite. Hakujitangaza. Alikufa mwaka wa 2000, na ni mwaka wa 2013 tu Yad Vashem, nyumba ya ukumbusho iliyoko Yerusalemu, ilipomtaja kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa.

Yule alikwenda kwa siri, sisi tunataka kwenda kwa kengele. Je, tumekosa? Sivyo ninavyofikiri. Bartali alichukua kitu ambacho kingaliua watu kama kingejulikana. Kwa hiyo kimya chake kilikuwa ulinzi wao. Sisi tutachukua feza ya watu wengine. Kwa hiyo uwazi wetu ndio ulinzi wao. Yeye angalisema, angaliwasaliti. Sisi tukinyamaza, tutawasaliti waliotuamini. Lakini iko sehemu moja ya mwendo wetu ambayo lazima ibaki siri: jina la kila mgonjwa aliyesaidiwa, na kiasi alichotoa kila maskini. Hesabu ya jumla isomwe; majina yao yasisomwe. Na mwendeshaji aliyefika wa kwanza asitangazwe, kwani hakuna wa kwanza katika mwendo huu. Mama yule akiyaona hayo, nadhani moyo wake utatulia.

Wala Ekleziya haikuona haya juu ya baisikeli. Kaskazini ya Italia, karibu na ziwa la Como, juu ya mlima, iko kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo. Mwaka wa 1949 Baba Mtakatifu Pio wa XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waendeshaji baisikeli. Ndani yake zimetundikwa baisikeli za mabingwa. Mtu wa kinga anaweza kuingia kanisani na vumbi lake.

Sasa, vijana, nisikilizeni kama baba yenu juu ya safari yenyewe, maana mapenzi mema hayatoshi kupandisha mlima.

Anzeni kujizoeza miezi miwili mbele, wala si juma moja. Mwanzoni nendeni kilometa 20, halafu 30, halafu 50, na siku nyingine mpumzike. Kuweni na siku mbili mfululizo za mazoezi, kwani siku ya kwanza kila mtu ni shujaa. Siku ya pili ndiyo inayoonyesha nani alijitayarisha.

Kunyweni maji kabla ya kiu, na kuleni kabla ya njaa. Mwenye kungoja hata aone njaa amekwisha kuchelewa. Miguu inamwisha nguvu ghafula, naye anafikiri ni uchawi. Ndizi, viazi vitamu na karanga zatosha. Pombe ngojeni hata baada ya kurudi, na kidogo.

Fundi wa kinga awe rafiki yenu wa kwanza. Angalieni freni, shene na mipira. Kila watu watano wachukue pampu moja, gundi na viraka. Msiendeshe usiku. Barabarani fuatanani mmoja nyuma ya mwingine, na malori yapisheni, hata kama haki ni yenu.

Aliye mbele hukata upepo, na walio nyuma hupata nafuu kubwa. Kwa hiyo msimwache mmoja mbele siku nzima. Apokelewe, arudi nyuma apumzike, mwingine ashike zamu. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Kama dada yetu mmoja amechoka, wote wapunguze. Na mlima ukishinda miguu, shukeni msukume. Huko Uingereza, katika mwendo wa London hata Brighton unaofanywa kila mwaka kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, uko mlima mkali karibu na mwisho, unaoitwa Ditchling Beacon, na waendeshaji wengi wanashuka pale na kusukuma. Hakuna anayewacheka. Nasi, wana wa wasukuma mawese, tutaonea haya nini?

Ninyi msioendesha, msidhani ya kwamba mmebaki nje. Katika mwendo wa Massachusetts watu elfu kadhaa wanatumika bila mshahara: wanapika, wanachota maji, wanatengeneza baisikeli, wanafunga vidonda. Akina mama wa mashirika, walimu, watoto wa shule, kila mmoja anayo sehemu yake. Mzee asiyeweza kupanda kinga anaweza kuwa mlinzi wa kisanduku, na hiyo ni kazi nzito kuliko kupanda milima.

Namalizia kwa kuwaambia wazee wetu: swali lenu mlishike, msilitupe. Liulizeni tena siku ya kurudi, mbele ya kisanduku kilichofunguliwa. Nanyi vijana, msikasirike kwa kuulizwa. Mwenye kuuliza hesabu ndiye anayetaka kazi yenu iishi. Baraza litakata shauri juma lijalo. Likikubali, daftari la majina litakuwa kwa katekista baada ya Misa ya pili, na ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa kwa mstari mmoja tu: «Kwa ajili ya dispanseri.» Atakayeandika jina lake chini ya mstari huo, aandike akijua ya kuwa amejifunga.